Nani agharamie makongamano ya mbung'o? Mfugaji wa Siakago angali anasubiri jibu

MFUGAJI wa Siakago anapomwona ng'ombe wake akikonda siku baada ya siku, manyoya yamesimama na maziwa yamepungua, hahitaji mtaalamu wa kumwambia kwamba huenda mbung'o amepita hapo. Huelekea moja kwa moja hadi duka la dawa za mifugo, akanunua poda ya kuchanganywa na maji, kisha akatafuta wa kumdungia mnyama wake sindano. Asichokijua ni kwamba dawa hiyo, kipimo chake na hofu kwamba vijidudu vimeanza kuizoea ni mambo ambayo yamejadiliwa kwa miongo kadhaa katika kumbi za mikutano zilizo mbali na nyanda kavu za Mbeere.

Mojawapo ya kumbi hizo ilikuwa Mombasa. Mnamo Septemba 2023, mji huo ulikuwa mwenyeji wa kongamano kuu la 36 la Baraza la Kimataifa la Kisayansi la Utafiti na Udhibiti wa Tripanosomia, ambalo hujulikana kwa kifupi kama ISCTRC. Haikuwa mara ya kwanza. Kongamano la 25 la baraza hilo lilikuwa limefanyika Mombasa vilevile, mwaka 1999. Tripanosomia ni jina la kitaalamu la maradhi yaenezwayo na mbung'o: kwa binadamu huitwa malale, na kwa mifugo nagana.

Kati ya Mombasa na Siakago hakuna bahari wala mpaka. Hata hivyo, safari ya habari kutoka ukumbi wa kongamano hadi zizini imekuwa ndefu kuliko ya mjumbe aliyetoka Bamako au Vienna. Sababu yake haitokani na uhaba wa wasomi. Inatokana na jinsi makongamano ya sayansi ya viumbe yanavyoandaliwa, na zaidi ya yote, na anayeyalipia.

Suala hili limepata uzito mpya. Mnamo Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilithibitisha kwamba Kenya imeuangamiza ugonjwa wa malale kama tatizo la afya ya umma, na hivyo ikawa nchi ya 10 kufikia hatua hiyo. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa miongoni mwa wenyeji alipatikana mwaka 2009, na visa viwili vya mwisho vilivyohusishwa na Maasai Mara viligunduliwa mwaka 2012 miongoni mwa wageni waliokwisha kurejea kwao. Ni ushindi wa kujivunia. Lakini mbung'o hajaondoka, na nagana ingalipo. Ukanda wa mbung'o unaoitwa Meru-Mwea hupita katika nyanda za chini za Meru, Tharaka na Mbeere, na wafugaji wa huko hawajapokea cheti chochote cha ushindi.

Ushindi huo una hatari yake. Wafadhili wengi hufungua mikoba yao wakiona binadamu anakufa. Binadamu akishapona, ng'ombe wa mkulima mdogo hawavutii sana. Mwaka uo huo wa 2025, Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na taasisi yake ya kitaifa ya utafiti wa afya, NIH, ikabana njia ambazo fedha zake zilitumia kuwafikia watafiti walio nje ya nchi hiyo. Taasisi za Afrika zilizozoea kulipia nauli za wanasayansi wao kupitia miradi ya kigeni zilijikuta zikihesabu upya.

Ili kuelewa uzito wa hesabu hizo, ni vyema kuangalia lilikotoka kongamano lenyewe. Baraza hilo lilianza mwaka 1949, enzi ambapo maamuzi kuhusu mifugo ya Afrika yalifanywa London, Paris, Brussels na Lisbon. Miaka miwili baadaye, mnamo 1951, iliundwa huko Muguga, karibu na Nairobi, ofisi ya kupambana na sotoka, maradhi yaliyokuwa yakifyeka ng'ombe barani. Ofisi hiyo ndiyo iliyokua na kuwa Ofisi ya Umoja wa Afrika ya Rasilimali za Wanyama, AU-IBAR, na ndiyo sekretarieti ya kongamano la mbung'o hadi leo. Kwa hivyo, tofauti na mikutano mingi ya sayansi ya viumbe, huu una makao Afrika, huzunguka katika miji ya Afrika, na taarifa za nchi za Afrika huwa sehemu ya ratiba yake.

Huo ni urithi wa thamani. Wanasayansi wa malaria iliwachukua muda kuupata. Mpango wao wa kimataifa ujulikanao kama MIM ulizinduliwa Dakar mwaka 1997, lakini sekretarieti yake ilianzia London, ikaenda Marekani kisha Sweden, kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 2006. Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa kongamano la tano la malaria la Afrika mnamo Novemba 2009, usukani ulikuwa tayari umefika Afrika Mashariki. Kongamano la nane lilifanyika Kigali mwaka 2024.

Lakini usukani ni kitu kimoja, na mafuta ni kitu kingine. Kongamano la kimataifa la sayansi huanza kutayarishwa mwaka mmoja au miwili kabla ya siku ya ufunguzi. Kuna kamati ya kisayansi inayopokea na kuchuja ikisiri za watafiti. Kuna kamati ya wenyeji inayotafuta ukumbi, hoteli, magari na usalama. Kuna wakalimani, maana mtafiti wa Burkina Faso na mwenzake wa Kenya hawasikilizani bila ya mkalimani wa Kifaransa na Kiingereza. Ukumbi hudai malipo ya awali kabla hata mjumbe mmoja hajalipa ada ya usajili.

Malipo hayo hutoka katika mifuko mingi. Serikali mwenyeji hubeba gharama za nyumbani. Kila nchi hutakiwa kulipia ujumbe wake. Mashirika ya kimataifa huleta wataalamu wao, na mara nyingine hugharamia vijana wachache. Kampuni za dawa hulipia vibanda vya maonyesho. Kila mfuko una mwenyewe, na kila mwenye mfuko huja na jambo analotaka lisikike. Si kwamba anahonga mtu. Ni kwamba kikao kilicholipiwa hufanyika, na kisicholipiwa huahirishwa.

Hapo ndipo mfugaji wa Siakago anapopotea. Ndani ya taarifa ya nchi, yeye ni sehemu ya jedwali. Hakuna mfadhili aliyelipia kikao cha kueleza kwa nini mtu mwenye ng'ombe watatu hudunga nusu ya kipimo ili dawa imtoshe wote watatu, wala jinsi tabia hiyo inavyovipa vijidudu nafasi ya kuizoea dawa.

Wapo wanaosema kwamba makongamano haya hayana faida yoyote, kwamba ni karamu za wasomi na marupurupu ya kusafiria. Shutuma hiyo ina chembe ya ukweli, na Wakenya wana haki ya kuuliza. Mnamo Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, serikali ilitangaza hatua za kubana matumizi zilizojumuisha kusimamisha safari zisizo za lazima. Machoni mwa mlipa ushuru, ni vigumu kutenganisha safari ya mtafiti na ya mwanasiasa.

Historia ya mbung'o, hata hivyo, inakanusha hoja kwamba mikutano haizai kitu. Kati ya mwaka 1994 na 1997, kisiwa cha Unguja kilisafishwa mbung'o kwa kuachilia kutoka angani madume zaidi ya milioni nane waliofanywa tasa kwa miale. Madume hao walifugwa Tanga, upande wa pili wa mlango wa bahari, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa Unguja mwaka 1996. Matokeo hayo yaliwasilishwa mbele ya wataalamu wa bara zima, yakapingwa na wengine, yakatetewa na wengine. Mnamo Julai 2000, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliokutana Lomé, Togo, wakapitisha azimio la kumwangamiza mbung'o barani, na kampeni iitwayo PATTEC ikazaliwa. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikatoa mikopo kwa nchi sita, Kenya ikiwamo.

Maana yake ni kwamba hoja iliyoanzia katika karatasi ya mtafiti ilipita kwenye kongamano, ikafika kwa marais, na ikageuka kuwa fedha. Njia ya kupanda ipo. Inayokosekana ni njia ya kuteremka.

Kwa upande wa Kenya, kuna mapengo mawili yanayoweza kuzibwa bila kungojea mfadhili yeyote. La kwanza ni la fedha. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kuagiza kwamba itengewe asilimia mbili ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Kiwango hicho hakijawahi kukaribiwa. Viongozi wa Afrika nao, katika mkutano wao wa Khartoum mwaka 2006, walihimizana kutenga angalau asilimia moja. Ahadi imekuwa deni ambalo hakuna anayelidai mahakamani, na pengo lake hujazwa na mgeni ambaye, naam, huja na ajenda yake.

Pengo la pili ni la kiutawala, na halisemwi sana. Katiba ya 2010 iliwapa magavana jukumu la kudhibiti maradhi ya mifugo. Daktari wa mifugo anayehudumia Siakago ni mwajiriwa wa Kaunti ya Embu. Lakini udhibiti wa mbung'o unasimamiwa na baraza la kitaifa, KENTTEC, lililoundwa mwaka 2012, na utafiti uko mikononi mwa taasisi za kitaifa na za kimataifa kama KALRO, ILRI na icipe. Ujumbe wa Kenya katika kongamano hutokana zaidi na kundi hilo la pili. Anayedunga sindano hayupo ukumbini, na aliye ukumbini hadungi sindano.

Matokeo yake ni kwamba uvumbuzi mzuri hukawia njiani. Wanasayansi wa icipe walipogundua kwamba mbung'o humkwepa kuro kwa sababu ya harufu yake, walitengeneza kifaa cha kuvishwa shingoni mwa ng'ombe kinachotoa harufu inayofanana na hiyo. Kilijaribiwa kwa wafugaji wa Kwale, na ng'ombe waliovishwa wakaugua kidogo kuliko wenzao. Habari hizo zimesomwa katika majarida na kusikilizwa makongamanoni kote duniani. Ni wafugaji wangapi wa Mbeere waliowahi kuelezwa, kwa lugha yao, kwamba kitu hicho kipo?

Mtu anaweza kudai kwamba kazi ya kueneza maarifa si ya kongamano bali ya maafisa wa nyanjani. Ni kweli, lakini afisa huyo naye anahitaji kuyapata maarifa mahali fulani. Ada ya usajili katika mikutano mingi hutozwa kwa dola, na mshahara wake hulipwa kwa shilingi. Mkutano ukifanyika ng'ambo, huongezeka kizingiti cha viza. Mwaka 2022, kongamano la kimataifa la ukimwi lililofanyika Montreal, Canada, lilitiwa doa pale wajumbe wengi wa Afrika waliponyimwa viza au kucheleweshwa. Kuleta mikutano nyumbani hupunguza vizingiti hivyo. Kenya ilipoondoa viza na kuleta kibali cha kielektroniki mnamo Januari 2024, ilijiongezea sifa ya kuwa mwenyeji.

Lakini kuwa mwenyeji tu hakutoshi, jinsi Mombasa ilivyoonyesha mara mbili. Fedha za umma zinapoingia katika kongamano la sayansi ya viumbe, zinapaswa kuingia na masharti. Sharti la kwanza, sehemu ya bajeti itengwe kwa ajili ya kurudisha matokeo mashinani: muhtasari wa Kiswahili, matangazo katika redio za lugha za wenyeji, na siku moja ya maonyesho katika kaunti inayoguswa na mada. Sharti la pili, ujumbe wa nchi uwe na viti vya madaktari wa mifugo wa kaunti, na kaunti zenyewe zichangie nauli yao ili zisiwe abiria wa bure. Sharti la tatu, hazina ya utafiti ilipie angalau kikao kimoja ambacho mada yake imetoka kwa wafugaji.

Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji sheria mpya. Linalohitajika ni kukubali kwamba anayetaka kuchagua wimbo sharti amlipe mpiga ngoma. Kwa muda mrefu Afrika imekuwa ikicheza ngoma iliyolipiwa na wengine na kulalamika kwamba haiendani na hatua zake. Sasa mlipaji ameanza kuondoka uwanjani.

Baraza la mbung'o lilinusurika mwisho wa ukoloni, na hata pengo la miaka minne kati ya mkutano wa Abuja wa 2019 na ule wa Mombasa. Litakutana tena, na hoteli zitajaa. Kipimo cha mafanikio yake kitapatikana miezi kadhaa baadaye, mbali na pwani, pale mfugaji wa Siakago atakapoingia tena katika duka la dawa na ng'ombe wake mmoja akiwa hoi. Je, muuzaji atakuwa na jambo jipya la kumwambia, au atampimia tena poda ile ile?