AFYA YA FAMILIA: Tezi iliyodhaniwa haina kazi

Mwezi huu kijana mmoja wa sekondari ametuuliza: "Hivi kuna mtu anayefanya kazi ya kuchunguza tu jinsi mwili unavyopigana na magonjwa, maisha yake yote?" Ndiyo, wapo. Tumwangalie mmoja, Jacques Miller.

Alizaliwa mwaka 1931 huko Nice, Ufaransa, na utoto wake mwingi ulipita Shanghai, China. Mwaka 1941, vita ilipokaribia, familia yake ilihama mpaka Australia. Dada yake alifariki kwa kifua kikuu. Kifo hicho kilimfanya apende kusomea udaktari.

Mwaka 1958 alikwenda Uingereza kuchunguza kansa ya damu kwa panya. Huko ndiko alikoishughulikia thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, juu ya moyo. Siku hizo wataalamu wengi walisema eti haina kazi, ni kaburi tu la chembe za damu. Miller akaitoa kwa panya waliotoka kuzaliwa. Mwanzoni walikua vizuri. Walipoacha kunyonya, wakaanza kukonda, kuugua na kufa. Hata wakibandikwa ngozi ya panya mwingine, mwili haukuikataa. Kumbe hawakuwa na ulinzi!

Alitangaza matokeo hayo mwaka 1961. Wakubwa kadhaa wa sayansi hawakuamini, lakini yeye akaendelea. Mwaka 1968, huko Melbourne, pamoja na mwanafunzi wake Graham Mitchell, alionyesha kwamba askari wa mwili ni wa aina mbili. Chembe B hutoka kwenye uboho wa mifupa, nazo ndizo zinazotengeneza kingamwili. Chembe T hufundishwa ndani ya thaimasi. Zile zinazotaka kushambulia mwili wenyewe huondolewa humo humo. Zinazofaulu, nyingine huua chembe zilizoambukizwa, nyingine hutoa ishara za kuamsha wenzao.

Na haziamki ovyo. Kwanza zimtambue adui, halafu zipate ishara ya pili ya kuthibitisha. Virusi vya UKIMWI huharibu hizo zinazoamsha wenzao, ndiyo maana kliniki hupima CD4.

Sasa jamani, hili linatuhusu vipi nyumbani? Thaimasi hufanya kazi kubwa zaidi utotoni, kisha hunywea polepole mtu anapokua. Mtoto mwenye utapiamlo, tezi yake hunyauka mapema, na ndiyo sababu moja inayofanya surua au kuhara kumshinda haraka. Habari njema ni kwamba akilishwa vizuri inaweza kukua tena. Basi mama, usimwachishe mtoto ziwa mapema. Uji wa lishe aliopewa mtoto ni wake, usigawiwe nyumba nzima. Baba nawe, ulizia tarehe ya chanjo: chanjo huwaonyesha askari hao sura ya adui kabla hajafika.

Mwaka 2019 Miller alipewa Tuzo ya Lasker ya Marekani, pamoja na Max Cooper. Ilikuwa imepita miaka 58 tangu atangaze habari ya wale panya.

Kijana wetu, jibu ndilo hilo. Kazi ipo, ila inataka subira. Shika biolojia na hesabu vizuri, na swali lisilojibiwa darasani usiliache.

Tukutane mwezi ujao.