CHETI CHA ISO: SIFA NI YA NANI?

Ndugu wafanya kazi,

Ukivuka reli asubuhi pamoja na watu wa Makongeni, Kaloleni, Maringo na Jericho, mkienda Industrial Area kwa miguu, utaona kampani zilizoandika langoni kwamba zina cheti cha ISO 9001. Siku cheti kinapofika wageni hualikwa, wakubwa hupiga picha, na sisi hupewa soda na fulana. Kesho yake kazi ni ile ile.

Sisemi kwamba cheti ni kitu kibaya. East African Cables ya Addis Ababa Road, watengenezaji wa nyaya za umeme, ni mojawapo ya kampani za hapa zilizokipata. Waya mbaya huchoma nyumba, na nyumba zinazoungua ni zetu. Kazi safi ni heshima ya mfanya kazi kabla ya kuwa faida ya tajiri.

Lakini yafaa tujue cheti hiki chapima nini. Shirika la ISO lilianzishwa mwaka 1947, na makao yake ni Geneva, Uswisi. Kanuni za ISO 9001 zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1987, zikageuzwa mara kadhaa, na toleo la mwaka 2015 ndilo ninalolisema hapa. ISO yenyewe haitoi cheti. Hutolewa na mashirika ya ukaguzi, na KEBS ni mojawapo hapa kwetu. Kwa kawaida hudumu miaka 3, na wakaguzi hurudi kila mwaka. Wanatazama kama kazi ina utaratibu, kama makosa yanaandikwa, na kama chanzo chake kinatafutwa na kuondolewa. Mshahara wako hawaupimi.

Nimefanya kazi katika kiwanda kimoja, sitakitaja jina. Siku ya wakaguzi vibarua waliambiwa wakae nyumbani. Sisi tuliobaki tulifundishwa majibu ya kukariri. Vifuniko vya usalama vilirudishwa kwenye mashine asubuhi, na siku ya pili vikaondolewa ili kazi iende mbio. Kibarua mmoja aliyeijua mashine ile kuliko nyapara hakuwa na jina katika daftari la mafunzo. Cheti kikapatikana. Mimi nasema hiyo ni kuwadanganya wakaguzi na kuwadanganya wanunuzi, na atakayelipa ni mfanya kazi.

Hata waalimu wa mambo haya hawakufundisha hivyo. Deming, Mmarekani aliyewafundisha Wajapani tangu mwaka 1950, alisema kampani iondoe hofu kazini. Maana yake ni wazi. Mtu anayeogopa kufukuzwa huificha bidhaa mbovu chini ya nzuri. Asiyeogopa husimamisha mashine na kusema, "Hapa pana kosa." Chama chenye nguvu humpa mtu ujasiri huo. Kwa hiyo tajiri anayekipiga vita chama chetu anaupiga vita ubora wake mwenyewe.

Tena tusisahau Karachi. Mwezi wa Agosti 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kilipewa cheti cha SA8000, ambacho ni cha haki na usalama wa wafanya kazi. Tarehe 11 Septemba mwaka huo huo kikawaka moto, na watu zaidi ya 250 wakafa. Mwaka 2020 mahakama iliamua kwamba moto uliwashwa makusudi. Lakini madirisha yenye nondo na milango iliyofungwa ndiyo iliyowazuia watu kutoka, na karatasi haikuifungua hata mmoja.

Basi tufanye nini? Tusikichane cheti. Tukisome, kisha tuwashike matajiri kwa maneno yao wenyewe.

1. Toleo la 2015 lataka kila mtu afanyaye kazi chini ya kampani, ikiwa kazi yake inagusa ubora, awe na ujuzi unaofaa. Halikusema "isipokuwa kibarua." Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Wafundishwe, na waandikwe.

2. Toleo hilo lataka pia mahali pa kazi pawe panafaa, na lataja hata mambo ya ubaguzi, ugomvi na uchovu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama panapofanya kazi watu 20 au zaidi. Wajumbe wetu waingie humo.

3. Wakaguzi wanapokuja, jibu kweli. Mjumbe wa chama awepo, ili asije mtu akaonewa baadaye kwa kusema kweli.

4. Kampani ikijisifu kwa wanunuzi kwamba kazi yetu ni ya kiwango cha dunia, tuyalete maneno hayo mezani siku ya kujadili mkataba. Kazi ya kiwango cha dunia haifai kulipwa mshahara wa kubahatisha.

Ndugu, cheti kinaning'inia ofisini, lakini kilipatikana kwa mikono ya watu wa Eastlands. Mwenye kuistahili sifa astahili na haki yake.

Umoja ni nguvu.