Muswada Si Mpangaji

Nasema wazi: programu ya kupangia riwaya inayoipachika Word ndani ya dirisha lake inamchezea mwandishi. Ujanja huu Microsoft waliuleta mwaka 1990, wakauita OLE. Toleo la pili, 1993, likaruhusu kuandika humo humo, menyu za Word zikichukua nafasi ya menyu za mwenyeji. Raha, eti? Ila sura uliyoandika sasa imo tumboni mwa faili la mwenyeji. Lifungue kwenye kompyuta isiyo na Word: utaona picha ya maneno yako, kuyahariri huwezi. Jamani, jasho la miaka mitano liwe picha? Mimi kila sura naitaka kwenye faili lake, nililolihifadhi mwenyewe. Programu ndiyo iufuate muswada, si muswada ukapange kwake.