Mashini ya Michezo: Kuukuu au Mpya?

Baba mmoja wa hapa Kolwezi alinijia Jumapili baada ya Misa, uso wake mzito. Mwanawe wa miaka 17 ataka kompyuta ya michezo, yaani ile mashini yenye nguvu ambayo vijana huchezea mpira na mbio za magari juu ya kioo. Kijana amekwisha kuweka akiba kidogo. Auliza: anunue iliyokwisha kutumika, au anunue vipande vipya aiunde mwenyewe? Michezo haikumwogofya baba huyo. Kilichomwogofya ni neno alilolisema kijana mezani, ya kuwa akiba isipotosha kwa vipande vipya, atashuka machimboni wakati wa likizo kubwa.

Wasomaji wapenzi, tuanze hapo. Sheria ya madini ya mwaka 2002 yampa kadi ya mchimbaji mtu mzima peke yake. Nasi tunaoijua Kasulo, ambako mwaka 2014 watu walianza kuchimba kobalti hata chini ya nyumba zao, hatuhitaji kuelezwa jinsi shimo linavyoanguka. Kwa hiyo bei ya mashini si fedha tu.

Kuunda mpya kuna heshima yake, wala simdharau kijana anayetamani hivyo. Atajua kila kipande na kazi yake. Lakini prosesa lazima ilingane na kiti chake katika bodi mama, na kumbukumbu iwe ya aina ile ile inayokubaliwa na bodi; isiyolingana haiingii hata kwa nyundo. Aliyeagiza kwa makosa kutoka Dubai au Dar es Salaam, atairudisha kwa mkono wa nani? Hata Lubumbashi ni mwendo wa karibu kilometa 300. Tena mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu ilipanda mno duniani, kwa sababu viwanda vilipendelea kuuzia majumba makubwa ya mashini za akili bandia.

Basi iliyotumika? Nayo ina hila zake. Kadi za picha nyingi zilifanya kazi usiku na mchana kutafuta sarafu ya Ethereum, hata tarehe 15 Septemba 2022 sarafu hiyo ilipobadili njia yake na kadi hazikuhitajiwa tena. Zikauzwa kwa wingi. Kadi ya namna hiyo huenda ni nzima, huenda pangaboi zake zimechoka. Kwa macho huwezi kujua. Jambo jingine: Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa nyingi za kabla ya mwaka 2018 hazikubaliwi na Windows 11. Muuzaji akikuambia kwamba hilo si kitu, mwulize mbona bei ni ndogo hivyo.

Ninalolihofu kuliko yote ni umeme. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako karibu nasi, na tangu mwaka 1982 waya mkubwa wa Inga wafika Kolwezi baada ya safari ya kilometa 1,700; hata hivyo katika mitaa yetu umeme hukatika, kisha hurudi kwa kishindo. Kinachopigwa kwanza ni lile kasha la umeme ndani ya mashini. Likiwa la ovyo, lafa pamoja na jirani zake. Na vumbi jekundu la kiangazi huziba njia za hewa, joto likapanda.

Shauri langu kwa kijana ni hili: anunue mashini ya ofisi iliyotumika, ile ndefu ya kusimama, yenye kasha la umeme la kipimo cha kawaida. Nyembamba aiache; vipande vyake havibadilishiki kwa urahisi. Kasha kuukuu alitoe, atie jipya la kuaminika, na mbele yake aweke kifaa cha kusawazisha umeme. Kisha atafute kadi ya picha ya kiasi. Kadi isiyozidi wati 75 kwa kawaida hulishwa na bodi yenyewe bila waya wa ziada, nayo yatosha kwa mpira. Mwakani ataongeza kumbukumbu, mwaka wa pili diski. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyojenga nyumba, chumba baada ya chumba, tukikaa ndani yake. Na mikono yake itajifunza kazi ile ile aliyoitamani.

Hayo yatosha kwa akiba aliyo nayo sasa. Likizo haihitajiki.

Baba ameahidi kufuatana naye siku ya kununua. Nimemwomba achukue bisibisi na tochi, wafungue ubavu wa mashini, watazame vumbi na vile vipipa vidogo vya bodi kama vimevimba, kisha mchezo mzito uchezwe saa nzima mbele yao kabla fedha haijatoka mfukoni.