Thika hadi JKIA: ramani ya simu inajibu swali ambalo hukuuliza

Kama unaishi Thika, Juja au Ruiru na umewahi kumpeleka mtu uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, unaujua ubishi unaozuka garini hata kabla hamjapita Juja. Tunatokea wapi? Mjomba aliyekaa mbele anasema tutokee Ruiru, tushike Eastern Bypass. Dereva anasema Outering. Msafiri mwenyewe, aliyeshika pasipoti kwa mikono miwili kana kwamba itaruka bila yeye, anasema twende tu na Expressway hata kama ni kulipa. Halafu mtu mmoja nyuma anatoa simu, anafungua ramani, na simu inasema: Ruiru, dakika 58. Ubishi unaisha. Kompyuta imesema.

Mimi natengeneza programu, ndiyo kazi inayonipa ugali, na maoni yangu ni kwamba ubishi huo haukustahili kuisha hapo. Simu haijakosea hesabu. Imejibu swali jingine kabisa.

Kwa wasomaji wasioijua njia hii, picha ni hii. Barabara Kuu ya Thika, ile iliyofunguliwa na Rais Kibaki tarehe 9 Novemba 2012, inashuka kama kilomita 50 kutoka Thika hadi Nairobi. Uwanja wa ndege uko upande wa pili wa jiji, Embakasi, kando ya barabara ya Mombasa. Kwa hivyo ni lazima utoke barabara ya Thika mahali fulani, na milango ya maana ni mitatu. Wa kwanza ni Ruiru: unaingia Eastern Bypass, unapita Kamakis, unavuka barabara ya Kangundo, unapita Utawala na kutokea karibu na City Cabanas. Wa pili ni Allsops, unaingia Outer Ring Road (hakuna Mkenya anayesema hivyo, ni Outering) na kuteremka kupitia Kariobangi na Donholm hadi Embakasi. Wa tatu ni kuendelea mpaka Pangani, ushike barabara ya Profesa Wangari Maathai, ambayo wengi wetu bado tunaiita Forest Road, hadi Museum Hill, kisha upande Expressway. Hiyo ndiyo ile ya kulipia iliyofunguliwa Mei 2022, kilomita 27 kutoka Westlands hadi Mlolongo, na ina njia ya kushukia JKIA.

Sasa simu inachaguaje? Msingi wake ni wa zamani kuliko wazazi wa wengi wanaosoma hapa. Mwaka 1956 Mholanzi anayeitwa Edsger Dijkstra alikuwa ameketi mkahawani Amsterdam na mchumba wake, wanakunywa kahawa, na kwa muda wa kama dakika ishirini akabuni kichwani, bila kalamu wala karatasi, namna ya kupata njia fupi kati ya miji miwili. Aliichapisha 1959. Makutano ya barabara yanakuwa nukta, vipande vya barabara vinakuwa mistari inayounganisha nukta, na kila mstari unapewa namba. Algoriti inatafuta mfululizo wa mistari ambao jumla ya namba zake ni ndogo kuliko zote. Programu za leo zimeongezewa mbinu nyingi za kuharakisha, lakini wazo ni lile lile. Namba yenyewe ni muda unaotarajiwa, unaokadiriwa kutokana na mwendo wa simu zilizo ndani ya magari mengine na historia ya barabara hiyo siku na saa kama hizo.

Kila mstari, namba moja. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Chukua mfano wa kubuni, namba zake nimezichagua mimi ili hesabu iwe nyepesi. Njia A, siku nne kati ya tano, inachukua dakika 45. Siku ya tano lori limekwama au polisi wamesimamisha magari, inachukua dakika 110. Njia B inachukua dakika 65 kila siku, iwe mvua iwe jua. Wastani wa A ni dakika 58, wa B ni 65. Anayetafuta wastani mdogo atakupeleka A na atakuwa sahihi. Ukienda kununua mitumba Gikomba kila wiki kwa mwaka mzima, A itakuokolea muda mwingi.

Lakini huendi Gikomba. Unakwenda kushika ndege, na una dakika 80 kabla kaunta haijafungwa. Kwa njia B unafika kila mara. Kwa njia A, mara moja kati ya tano unaikuta kaunta imefungwa. Zile dakika 20 ulizookoa siku nzuri zilikununulia nini? Umekaa kwenye kiti cha chuma ukitazama watu wakisukuma masanduku. Kufika mapema zaidi hakuongezi kitu, kuchelewa kidogo kunachukua kila kitu. Gharama haiko sawa pande zote mbili, na wastani haujui hilo.

Sisi wenye kazi za ofisini tunaweza kulichukulia hili kama mchezo wa hesabu, kwa sababu tukiachwa tunalipa faini na kubadilisha tiketi. Mwaka jana nilimpeleka binti wa jirani yetu aliyekuwa akienda Doha kufanya kazi za nyumbani. Familia ilikuwa imechangishana kwa ajili ya cheti cha matibabu na karatasi nyingine, na wakala alikuwa amemwambia waziwazi kwamba akiachwa na ndege, nafasi anapewa mwingine. Mama yake alikuwa kiti cha nyuma na hakusema neno lolote kutoka Makongeni hadi Ruiru. Mtu kama huyo akiuliza "tutokee wapi", wastani haumhusu hata kidogo. Anachouliza ni njia gani ina nafasi ndogo zaidi ya kumwachisha ndege. Tulitokea Ruiru, kwa sababu ilikuwa saa kumi alfajiri na bypass ilikuwa tupu. Ingekuwa Jumapili jioni nisingethubutu.

Kuna kitu kinachowashangaza watu ninapowaeleza hesabu hii. Rudi kwenye mfano, ila sasa umebakisha dakika 50 tu. Njia B, ile ya kuaminika, ina hakika ya kukuchelewesha. Njia A, ile ya kamari, inakufikisha mara nne kati ya tano. Kwa hivyo mwenye muda wa kiasi achague njia isiyobadilika-badilika, na aliyechelewa achague ile yenye bahati nasibu, maana ndiyo tumaini pekee alilobakisha. Na mwenye saa mbili nzima achague ya bei nafuu, aache kusumbua watu. Gari lile lile, barabara ile ile, dakika ile ile ya siku, na mlango ulio bora unabadilika kwa sababu ya kitu kimoja ambacho ramani haikukuuliza: ni lazima ufike saa ngapi?

Wataalamu hawajalala kuhusu jambo hili. Mwaka 1969 H. Frank alichapisha utafiti kuhusu njia fupi katika mtandao ambao muda wa kila mstari haujulikani kwa hakika, na swali la kufika kabla ya saa fulani limeandikiwa mengi tangu hapo. Ni gumu kuliko la Dijkstra, nakubali. Ukijumlisha wastani unapata wastani, lakini uwezekano wa kuchelewa haujumlishwi hivyo, hasa pale ambapo msongamano wa Donholm na wa Embakasi unasababishwa na mvua moja. Hata hivyo kompyuta za leo si zile za 1969, na makampuni ya ramani yana data ya kutosha. Wanachotuonyesha kwanza ni namba moja yenye rangi ya kijani kwa sababu inaonekana vizuri kwenye skrini.

Tena namba hiyo inaonekana imara kuliko ilivyo. Simu inajua magari yanatembeaje sasa hivi na yalivyotembea wiki zilizopita. Kamakis ya Jumapili jioni inaijua vizuri, maana watu huenda kula nyama choma kila wikendi. Lakini tarehe 7 Julai 2025, siku ya maandamano ya Saba Saba, polisi walifunga barabara kuu za kuingia Nairobi, ya Thika ikiwemo. Aliyekuwa na redio usiku wa kuamkia siku hiyo alijua zaidi kuliko algoriti yoyote. Agosti mwaka huo huo kulikuwa na mechi za CHAN Kasarani, pembeni kabisa mwa barabara ya Thika, na ratiba ilikuwa imetangazwa mapema. Obama alipohutubia pale Kasarani tarehe 26 Julai 2015, hali ya barabara ilitabirika kwa yeyote aliyesoma gazeti. Bado ninashauri watu wasome gazeti kabla ya kwenda airport. Mnichekee tu.

Jambo jingine ni mpangilio wa milango yenyewe, na hapa mtu aliyesomea kompyuta anapaswa kuona kitu mara moja. Ukipita Ruiru bila kutokea, bado una Allsops, na ukipita Allsops bado una Museum Hill. Ukitokea Ruiru, umefunga milango miwili kwa mpigo. Ndani ya Eastern Bypass nafasi yako ya maana ya kujiokoa ni kule kwenye barabara ya Kangundo, ambako unaweza kukata kuelekea Njiru na Kayole, na hiyo si starehe. Kwa hivyo Ruiru ndipo penye uamuzi mzito, na ndipo unapopaswa kuwa na habari nyingi zaidi. Usitazame kama bypass ni nyeupe pale Ruiru tu. Vuta ramani mpaka Cabanas, kilomita karibu 30 mbele, kwa sababu utafika kule baada ya nusu saa au zaidi, na asubuhi ya siku ya kazi nusu saa ni muda mrefu sana kwa Utawala.

Outering siipendi, nasema wazi. Ni fupi, kilomita 13, na siku nzuri inapita haraka. Ina pa kutorokea pengi kuliko bypass, ila ukitoroka unaangukia Juja Road au Jogoo Road, na hapo umeruka kikaango ukaingia motoni. Expressway ni kinyume chake. Ukishapanda Museum Hill huna pa kwenda ila mbele, lakini muda wake haubadiliki sana, na kwa mtu wa ndege hicho ndicho kitu cha kununua. Pesa unayolipa pale inanunua uhakika kuliko mwendo. Tatizo lake liko kabla hujapanda: Muthaiga, Pangani na Ngara saa mbili asubuhi zinaweza kula uhakika wote huo kabla hujaufikia.

Najua mtakaloniambia. "Si atoke tu mapema?" Sawa, lakini mapema kiasi gani? Gari la kukodi linalipwa, dereva ana mteja mwingine, mama ameacha watoto kwa jirani. Anayeambiwa atoke saa sita kabla anapoteza siku ya kazi ili mwenye kushauri asilaumiwe.

Kwa leo, kuna kitu kimoja ambacho Google Maps inacho na watu wachache sana wanakitumia. Baada ya kuweka safari, bonyeza vitone vitatu, chagua kuweka saa ya kuondoka au ya kufika. Badala ya namba moja utapewa mbili, mfano dakika 50 hadi saa moja na dakika 40. Fanya hivyo kwa kila mlango. Kisha sahau namba ndogo. Linganisha zile kubwa, ongeza muda wa ukaguzi wa magari langoni, na uchague mlango ambao namba yake kubwa inaingia ndani ya muda ulio nao. Ukiona hakuna hata mmoja unaoingia, sasa tazama zile ndogo na uombe Mungu.

Ni kazi ya dakika tano, na inaudhi kuifanya kwa mkono wakati seva zao zina namba zote hizo. Kwa vijana wenzangu mnaotengeneza programu za teksi hapa Nairobi: ninyi tayari mnajua kwamba abiria anakwenda JKIA, kwa sababu amewaandikia. Ongezeni kisanduku kimoja tu hapo chini, kiulize kaunta inafungwa saa ngapi. Atakayekuwa wa kwanza kukiweka aniandikie, nitamfanyia majaribio bure, nikianzia na safari ya shangazi yangu ya tarehe 14. Ndege ni saa nne asubuhi, na mjomba ameshaanza kusema Ruiru.