Fedha ya Mnunuzi Si Faida ya Mfanyabiashara

Katika mji wetu wa Goma kuna wizi usioitwa wizi. Huitwa ujanja, huitwa kujua kazi, na wengi huufunika kwa kile ambacho Wakongomani hukiita kwa utani Kifungu cha 15: kila mtu ajitafutie. Wizi wenyewe ni huu: mfanyabiashara anamtoza mnunuzi kodi ya ongezeko la thamani, ile TVA, kisha anaitia mfukoni mwake.

Tuieleze kodi hii kwanza, kwa maana ujanja huo hustawi palipo na ujinga. TVA iliwekwa kwa sheria ya Agosti 2010, ikaanza kutozwa tarehe 1 Januari 2012, na kiwango chake cha kawaida ni 16%. Mwenye depo anayenunua bidhaa kwa dola 100 hulipa juu yake dola 16 za TVA. Akiiuza kwa dola 130, humtoza mnunuzi dola 20 na senti 80. Hapo hujirudishia zile 16 alizokwisha kulipa, na dola 4 na senti 80 zinazobaki huzipeleka kwa Kurugenzi Kuu ya Kodi, DGI, isizidi tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Tuhesabu sasa: faida yake ya dola 30 imeguswa wapi? Haikuguswa. Fedha aliyoipeleka ilitoka mkononi mwa mnunuzi; yeye alikuwa mchukuzi tu. Mchukuzi anayekula mzigo hawezi kusema kwamba amenyonywa.

Wako watakaotujibu: Serikali imetupa nini? Barabara zimeharibika, umeme ni wa kubahatisha, wakimbizi wa vita walilala chini ya mahema pembezoni mwa mji. Hatukanushi hata neno moja. Twaongeza kwamba Katiba ya 2006, katika ibara ya 175, inayapa majimbo 40% ya mapato ya taifa, yakatwe papo hapo yanapopatikana, nayo ahadi hiyo haijatimizwa ipasavyo. Twaongeza tena kwamba Serikali imekawia miaka mingi kuzirudishia kampuni za madini TVA zinayostahili kurudishiwa. Lakini aliyeficha dola 4 na senti 80 amejenga daraja gani kwazo? Amenunua dawa za zahanati ipi? Hakumwadhibu mwizi wa Kinshasa, amejiunga naye. Tena amejiziba kinywa: atawadai viongozi hesabu gani, ilhali zake mwenyewe hazionyeshiki?

Wengine husema wanawatetea wadogo. Kwa jumla sheria haimtaki mwenye mauzo yasiyofika franka milioni 80 kwa mwaka atoze TVA. Mama anayepanga bidhaa zake pale Birere hatakiwi kuitoza. Hata hivyo anailipa: imo ndani ya bei anayonunulia kwenye depo, naye hana njia ya kujirudishia. Kodi iliyofichwa na tajiri imetoka kwenye kitambaa alichofungia mama huyo fedha zake. Kodi ilipoanza mwaka 2012, wako waliopandisha bei kwa kisingizio chake. Wadogo ndio walioumia. Na asiyeruhusiwa kutoza TVA, akiiandika kwenye fakitire, anadaiwa na sheria kwa kule kuiandika tu.

Kanisa halikuliacha jambo hili gizani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inahesabu ukwepaji wa kodi na kughushi fakitire pamoja na rushwa miongoni mwa matendo yaliyo kinyume cha maadili. Anayeandika fakitire mbili, moja ya mteja na nyingine ya mkaguzi, na mkaguzi anayepokea bahasha ili asizione, wote wawili wanahusika.

Wala tusiambiwe kwamba uaminifu ni wa watu wa nchi zenye amani. Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa Goma, akafanya kazi hapa katika Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC. Alikataa rushwa ili mchele ulioharibika usipite kwenda kulisha watu. Akauawa Juni 2007, hajatimiza miaka 26. Tarehe 2 Februari 2023, mbele ya vijana na makatekista mjini Kinshasa, Papa Fransisko alimtaja awe mfano kwao. Yeye alidaiwa uhai. Sisi twadaiwa fakitire ya kweli.

Basi tuanze na tunaloliweza. Tunaponunua dukani, tuombe fakitire na tuisome. Anayefungua biashara ajiandikishe, na fedha ya TVA aitenge mbali na ya mtaji siku ile ile anapoipokea. Anayefanya kazi kwa tajiri akatae kuandika fakitire ya pili. Kisha, tukiwa na mikono safi, tuwadai viongozi wetu kwa sauti kubwa: fedha yetu iko wapi?