Jiki na Mafuta ya Taa si Dawa

Mwaka 2019, huko Uganda, wananchi maskini waligawiwa bure maji yaliyotangazwa kuwa yanaponya malaria na UKIMWI. Kumbe ni kemikali ya kupaushia karatasi na nguo, jamaa ya jiki.

Tusiwacheke. Kiwalani kama visiwani, si ajabu mwenye kikohozi kushauriwa anywe funda la mafuta ya taa, ati yamsafishe kifua. Mafuta hayo huteleza hadi mapafuni yakayadhuru, na kumtapisha mgonjwa humzidishia hatari. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa yenyewe.

Nao viongozi wa mtaa, ambao kazi hii ni yao kabla haijawa ya daktari, wakataze jiki kuuzwa katika chupa zilizokwisha kutumika za maji ya kunywa.